Masikio ya Mwalimu Tvedt

Sauti za kwanza kumtoroka Merle Tvedt zilikuwa za ndege. Kisha ikaja zamu ya birika. Asubuhi moja mkewe, Arlys, aliingia jikoni akamkuta ameketi na gazeti lake kando ya jiko, birika linapiga mluzi mpaka kifuniko kinatetemeka.

"Merle! Mtaa mzima umeamka, wewe huna habari?"

"Nilikuwa nasoma," alijibu.

Arlys akazima jiko, akaanza kumimina chai. Alimjua mumewe: ukimsukuma, ndiyo kwanza anajichimbia.

Merle alikuwa kiongozi wa bendi katika shule ya sekondari ya mji mdogo wa Iowa, mji uliozingirwa na mahindi pande zote. Pale mwalimu wa bendi hakuwa mtu wa kupuuzwa. Ijumaa timu ya shule ikipigwa mpirani, na ilipigwa sana, watu walirudi nyumbani wakijiliwaza kwamba angalau bendi imewatoa kimasomaso. Fundi wa matrekta, mchungaji wa Kilutheri, wakala wa bima, wote waliwahi kukaa mbele yake wakiwa vijana, na wote waliwahi kuruka vitini kwa ukali wake: "Nimekusikia wewe, hapo nyuma! Usidhani hiyo tarumbeta kubwa inakuficha!"

Daktari wa Des Moines alimweleza bila kuzunguka. Mishipa ya masikio ilikuwa inakufa, sauti nyembamba zikitangulia, na hakuna dawa ya kuirudisha. Alimpa vifaa vya kuvaa masikioni. Merle alivivaa wiki moja, akaona bendi yake inalia kama mabati yanayoburutwa, akavitupa kwenye droo ya soksi. "Namaliza mwaka huu tu, halafu nastaafu," alimwambia Arlys. Mwaka uliofuata akasema maneno yale yale.

Katika bendi hiyo palikuwa na binti aitwaye Corinne Hasek, mpiga klarineti. Mama yake alifariki angali mdogo, na baba yake alifuga nguruwe nje ya mji. Corinne hakuwa na maneno mengi, lakini alikuwa na kiu ya muziki ambayo Merle hakuwa ameiona kwa mwanafunzi yeyote kwa muda mrefu. Mwalimu alimwahidi kumwandaa kwa usaili wa bendi ya jimbo. Akiingia humo, chuo kikuu kingemsomesha bure. Kila siku baada ya masomo walibaki wawili darasani, mlango wazi, wasafisha madarasa wakipita na ndoo zao. Corinne alipiga. Merle alifumba macho akasikiliza, na penye pengo masikioni mwake kumbukumbu zake za miaka mingi zilipajaza kwa sauti tamu.

"Safi kabisa," alisema. "Usibadilishe kitu."

Oktoba Corinne akaenda kwenye usaili, akarudi mikono mitupu. Majaji walisema sauti zake za juu zinapasuka.

"Majaji gani hao? Walikuwa wamelala!" Merle alifoka.

"Ndiyo, mwalimu," alisema Corinne, akaendelea kufuta klarineti yake.

Basi Februari, theluji ikiwa imefika madirishani, bendi ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya majira ya kuchipua. Katikati ya wimbo kulikuwa na mahali ambapo wote hunyamaza, na Brenna Schaaf hupiga filimbi peke yake. Siku hiyo, Brenna alipofika hapo, springi inayoinua vifuniko vya filimbi yake ikakatika. Haikutoka hata pumzi ya sauti. Kwa kuwa Mwalimu Tvedt hakupenda wimbo ukatizwe, msichana aliendelea kuchezesha vidole, filimbi mdomoni, darasa zima kimya, mpaka wenzake walipoingia tena.

Merle alishusha fimbo yake ya kuongozea. Uso ulikuwa unamng'aa.

"Brenna, binti yangu. Hapo ndipo nilipokuwa napangoja siku zote. Umetaka kuniliza."

Brenna akaiva uso kama nyanya. "Asante, mwalimu," alisema kwa shida.

Nyuma, kwenye ngoma, alikaa kijana aitwaye Dex, aliyehamia karibuni kutoka Omaha. "Jamani, si hajapiga kitu!" aliropoka. "Filimbi yenyewe imekufa!"

Corinne aligeuka kama aliyechomwa na mwiba. "Nyamaza, Dex!"

Neno la Dex lingeweza kupita, kwa maana vijana hutaniana. Kilichomkata Merle maini ni ile haraka ya kumnyamazisha. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, na wengine walikuwa wanachunguza viatu vyao. Akawaambia waende, ingawa kipindi kilikuwa hakijaisha.

Corinne alibaki.

"Tangu lini?" aliuliza Merle.

"Mwaka juzi. Kabla ya Krismasi."

"Na nani mwingine anajua?"

"Wote. Dex hatukuwahi kumwambia." Alikuwa anamwelekezea uso na kutamka polepole, na sasa ndipo Merle alipotambua kwamba siku nyingi watoto hawa walikuwa wakizungumza naye hivyo. "Tunalinganisha sauti za ala kule koridoni kabla hujafika. Mtu akiharibu, mimi nagonga mguu, anajua ni yeye."

"Mnanihurumia."

"Wakubwa wa shule wangejua wangekuondoa, mwalimu. Halafu watuletee nani? Yule kocha wa mieleka?"

Merle alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Kulikuwa na swali moja lililobaki, naye alilizunguka kama mtu anayeogopa kushika chuma cha moto.

"Na zile jioni zetu? Nilipokuwa nakwambia safi?"

Corinne aliangalia dirishani. "Nilijua zinapasuka. Baba alisema hata nguruwe wanakimbilia upande wa pili wa banda."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungejua," alisema. "Ungejua kwamba husikii."

Kesho yake Merle aliingia ofisini kwa mkuu wa shule, Bi Pruitt, akaeleza kila kitu. Bi Pruitt, ambaye naye aliwahi kupiga saksafoni chini yake, alilia kabla yake. Walikubaliana amalize mwaka kwa msaada wa mwalimu wa kwaya.

Lakini hakutulia. Chuo kikuu kulikuwa na mwalimu wa klarineti ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Akamsihi amsikilize Corinne mara moja tu, na yule akakubali. Wakaenda kwa gari la Merle. Alisubiri nje ya mlango, kofia mkononi, akiutazama mlango kana kwamba macho yangeweza kumsikilizia.

Yule mwalimu alitoka peke yake. Akamshika mkono, akasema karibu na sikio lake, "Ana moyo kuliko wanafunzi wangu wote. Lakini mdomo wake umezoea kuishika klarineti vibaya, Mwalimu. Ingekuwa miaka miwili iliyopita, ningeurekebisha. Sasa kuna wengine walio tayari, na nafasi ni moja. Hakuna aliyemwambia mapema?"

Merle akavaa kofia yake.

Njiani kurudi, mashamba yakiwa bado meupe, machozi yalianza kumtiririka. Corinne akamgusa mkono.

"Usilie, mwalimu. Unaendesha."

"Nisamehe."

"Angalia barabara," alisema, akageukia mashamba hadi walipofika kwao.

Mwezi Mei bendi ilipiga tamasha la mwisho la Merle katika ukumbi wa michezo. Watu walijaa hadi milangoni. Aliongoza kwa kumbukumbu, akitazama vidole na mashavu ya watoto, akisikia ngoma tu na mingurumo ya chini. Watu waliposimama kumpigia makofi, yeye hakugeuka. Arlys akadhani ni unyenyekevu. Kumbe hakuyasikia makofi; alikuwa amemkazia macho Corinne, na Corinne alikuwa ameinamisha kichwa.

Corinne hakwenda chuo. Alipata kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika, akawa anapima mahindi ya wakulima, na klarineti akamwachia binamu yake. Vuli ilipofika alipita kwa Merle na nyama ya nguruwe kutoka kwa baba yake. Walikaa barazani, Merle amevaa vile vifaa vyake hatimaye. Corinne akasimulia habari za mavuno na unyevu wa mahindi. Merle alifungua kinywa mara kadhaa kumwomba tena msamaha, na kila mara binti alianza habari nyingine kabla hajatamka, kwa upole, mpaka mwalimu akaelewa kwamba hataki kuombwa.

Corinne alipoondoka, Merle alibaki barazani. Arlys alimwita kula mara mbili, kisha akatoka, akamgusa bega.

"Umechoka?"

"Hapana," alisema. "Nipe dakika moja."

Arlys akavuta kiti, akaketi karibu naye.