Wamwagiliaji wa Katimboro

Wanaume wa mtaa wetu wa Nsambya wakitaka kitu, adabu huwajaa ghafla. Walianza kuja kumwagilia katimboro ya mama.

Katimboro ni kichaka cha msituni, chenye miiba na majani yanayonukia limau. Mama alikuja nacho Kampala alipoolewa, mche mdogo uliofungwa kwenye jani la mgomba, zawadi ya baba yake. Msitu wenyewe sasa ni miwa mitupu, na babu tumeshamzika. Kwa hiyo kile kichaka ndicho kilichobaki cha kwao. Alikuwa akikisalimia kila asubuhi, na hatukumcheka.

Sasa, mizizi yake wanaume wanaiamini kuliko daktari. Wanaitafuna, wanaisaga, wanaitia kwenye maziwa, eti chumbani wawe simba. Katika soko la Owino inauzwa waziwazi, lakini ukinunua pale watu watakuona, na mwanaume wa kwetu ni afadhali aibe kuliko aonekane anaihitaji.

Basi wakaja kwa zamu. Sajenti mstaafu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alileta maji kwenye jerikeni. Dereva wa malori ya Port Bell naye akaja na lake. "Tunakusaidia, mama," walisema, wakachuchumaa pale shinani muda mrefu kweli. Mama alifurahi, hata chai akawapa. Kumbe maji yalikuwa ya kulainisha udongo! Kila mmoja alikata kamzizi kadogo, akafukia vizuri, akiamini mwizi ni yeye peke yake.

Ikanyesha mvua moja tu ya asubuhi, kichaka kikalala chini. Mzizi ulikuwa umebaki mmoja. Mtaa mzima ukajaa uani kutoa pole, na waliosikitika kwa sauti kubwa ni walewale. Washenzi!

Mama akawatazama. "Si mmekunywa dawa? Nguvu mnazo. Haya, kiinueni."

"Nguvu gani, mama?" mke wa sajenti akadakia. "Wallahi, kwangu hazijafika!"

Wanawake tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mama naye akaanza kucheka, kisha akaketi kwenye matope akalia kama siku ya msiba wa babu. Wanaume wakatoka mmoja mmoja. Sajenti alibaki nyuma, akainama karibu naye. Nilidhani anataka kumwinua.

"Pole sana, nnyabo," alisema, akaondoka na ule mzizi wa mwisho kwapani.