Watu wa Katwe Wanataka Kura

Mchango wa hiari ulikatwa kwenye mishahara yetu kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama anayo hiyo hiari. Nilikuwa bado mgeni kazini, nimetoka chuo kikuu na tabia ya kuuliza maswali ambayo pale ofisini hayakuwa na wateja. Nikamuuliza karani mkuu: kama ni hiari, mbona imekatwa? Akanitazama juu ya miwani yake, akautazama mlango, akanitazama tena.

"Mwana wange," akasema, "toa kwanza. Halafu uliza kimoyomoyo."

Mvua ilikuwa imeipiga Katwe vibaya. Ule mtaa uko bondeni, na maji yalikuwa yameingia katika vyumba vya watu na karakana za mafundi wa mabati. Amri ikashuka kwamba kila idara ya serikali iende kuwasaidia wananchi. Idara yetu ikanunua magunia ya unga wa mahindi na maharagwe. Tungeyagawa Jumamosi mbele ya kapteni kutoka Mbuya, yaliko makao makuu ya jeshi, na mmoja wetu angetoa hotuba fupi kwa Kiswahili, lugha ya wanajeshi. Mmoja huyo alikuwa mkuu wa idara. Ijumaa mchana mkuu wa idara akashikwa na homa. Hakuna aliyeuliza homa gani.

Hotuba ikamwangukia karani mkuu. Alikuwa Muganda wa Lubaga, mtu wa misa ya alfajiri na viatu vilivyong'arishwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyama na kupita vizuizi vya barabarani. Alianza kufanya mazoezi palepale mezani kwake.

"Mheshimiwa Lais..."

"Mzee! Lais ndiye nani?" Huyo alikuwa mpiga taipu wetu, dada Mkenya aliyezaliwa ndani ya Kiswahili na hakuwahi kukosa utani. "Ni Rais. Tetemesha ulimi. Rrrais."

"Nnyabo, mama yangu, ulimi huu umezeeka, hauwezi kurudi shule. Sisi hata mlima wetu wengine wanauita Lubaga, wengine Rubaga, na Mungu anatupata tu."

"Mungu atakupata. Kapteni je? Ukimwambia lais atafikiri unamcheka mkubwa wake."

Mzee akaacha kutabasamu. Mchana wote uliobaki tulimsikia akitetemesha ulimi nyuma ya rundo la mafaili: rais, karibu, barabara, furaha. Masikio yake hayakusikia tofauti ya l na r, kwa hiyo alichagua njia aliyoiona salama. Aliamua kwamba penye shaka ataweka r.

Jumamosi tulisimama kwenye matope yaliyoanza kukauka. Mafundi walikuwa wameacha kugonga mabati, na ukimya huo katika Katwe ulinitia wasiwasi kuliko bunduki za askari wawili waliosimama nyuma ya kapteni. Watu walipanga foleni na mabeseni. Kapteni alikaa kwenye kiti tulichombebea kutoka ofisini, mguu juu ya mguu.

Mzee alianza vizuri. "Mheshimiwa Rais" ilitoka safi kabisa, na dada Mkenya akanifinya mkono kwa furaha. Akawashukuru wanajeshi, akawasalimu wananchi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea foleni, akapandisha sauti.

"Afande, watu wa Katwe hawataki maneno mengi. Watu wa Katwe wanataka kura!"

Vidole vya dada Mkenya viliganda mkononi mwangu. Katika nchi ile hakuna mtu aliyekuwa amepiga kura tangu jeshi lilipochukua serikali, na hakuna aliyelitaja neno hilo hadharani, hata kwa mzaha.

Kapteni alishusha mguu wake, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini, kisichotofautisha mimi na yeye: "Nasema nataka nini?"

"Kura, afande."

"Nani nataka kura?"

Nilimwona mzee akipumua kwa nafuu. Afisa mwenyewe alikuwa amelitamka neno kwa r, basi r ndiyo sahihi!

"Wote, afande. Hata watoto. Watoto ndio wanataka kura sana, tangu jana hawajapata."

Hapo ndipo elimu yangu yote iliponitupa mkono. Nikisema "anamaanisha kula," nitakuwa nimekiri mbele ya bunduki kwamba nimesikia kura, na kwamba kila aliyekuwepo kasikia. Nikinyamaza, mzee atapakiwa kwenye gari na hatutamwona tena. Nilipima jambo hilo kama mtu anayeandika insha, huku askari mmoja akiwa tayari amepiga hatua mbele. Mwishowe mikono yangu ilitangulia akili. Nikafungua gunia, nikachota unga, nikaumwaga katika beseni la mama aliyekuwa mbele ya foleni. Mama yule, ambaye hakujua Kiswahili hata kidogo, akapiga magoti kushukuru, kama ilivyo desturi ya Waganda.

Kapteni aliutazama unga. Akamtazama mzee.

"Aaa. Kula."

"Ndiyo, afande," akasema mzee. "Kura."

Kapteni akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, askari wakacheka, na sisi tukacheka haraka, kwa sauti, kila mmoja akichunga asiwe wa kwanza kunyamaza. Alipoinuka kuondoka alimgusa mzee begani. "Mzee hii, Jumatatu asubuhi kuja Mbuya."

Jumapili nilimngoja mzee nje ya kanisa kuu la Lubaga. Alikuwa peke yake. Mkewe alibaki nyumbani akimfungia nguo, maana mama huyo alitaka mumewe avuke mpaka usiku uleule, akajifiche kwa wakwe zake.

"Mwana wange, wewe umesoma. Nilikosea nini?"

Nikamweleza. Alirudia maneno yale mawili chini chini, kula, kura, kama mtu anayeonja chumvi. Mara chache aliyatenganisha. Nilipomuuliza kama atakimbia, alitikisa kichwa.

"Nikikimbia, nitakuwa niliomba kura kweli. Nikienda, niliomba unga tu."

Nilitaka kumwambia kwamba watu wale hawafuati hoja. Lakini mimi mwenyewe sikuwa na hoja nyingine ya kumpa.

Jumatatu hakuna aliyefanya kazi. Dada Mkenya alichapa ukurasa mmoja, akauchana, akauchapa tena. Mkuu wa idara, homa imepona, alipita mara mbili kukitazama kiti kilicho wazi, na mara zote mbili akasema mvua itanyesha.

Mzee alirudi wakati wa chai, kwa miguu, viatu vikiwa na vumbi. Aliweka mezani mfuko wa sukari, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumesahau rangi yake. Tulimzunguka. Alisema alipelekwa katika chumba cha maafisa, akasimamishwa katikati ya zulia. Kapteni akamwambia: sema ile ya Katwe.

"Nikasema vizuri. Watu wa Katwe wanataka kula. Usiku wote nilikuwa najifunza. Hakuna aliyecheka. Kapteni akakunja uso. Akasema, hapana, sema vile ulisema Jumamosi."

"Ukasema?" akauliza dada Mkenya.

"Ningefanyaje? Nikasema. Wakacheka. Wakaniambia tena, nikasema tena."

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa tabia yangu ile: "Na safari hii ulijua maana yake?"

"Nilijua. Pale pale Mbuya, mbele yao, kwa sauti kubwa." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mara ya kwanza nilisema kwa kuwaogopa tu. Zile za mwisho, mwana wange, nilikuwa naomba kweli."

Mkuu wa idara akautazama mlango. Mzee akasema kwamba wamemwambia wakipata wageni watampigia simu aje tena, na kwamba sukari ni ya wote. Dada Mkenya akamimina chai. Tulitia sukari, tukakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na simu ya mezani kwa mzee ilipolia, sote tukaacha vijiko, naye akainuka akifunga vifungo vya koti kabla hajaigusa.