Programu Iliyowekwa Uchagani

Mimi sijui kuchagua. Wapo wasiojua kuogelea, mimi sijui kuchagua, na miaka ile ya soko huria ilinikuta vibaya. Kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi, nilimcheka baba alivyosimama njia panda ya Matiri na gunia lake, magari yanamwita huku na huku, naye anageuka tu mpaka mvua ikamnyea. Zamani alikuwa na chama cha ushirika tu, basi. Anapeleka, ananung'unika, anarudi nyumbani. Nikamwambia, "Baba, si uchague tu?" Akanijibu, "Ngoja zamu yako."

Zamu yangu ilikuja na programu ya kompyuta.

Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, Mbinga. Kwenye kozi ya kompyuta Songea nilikutana na mwalimu mmoja wa kule ziwani, Mwanglikana, kiongozi wa kwaya, mwenye besi ya kutikisa vikombe mezani. Mimi nilikuwa na kwaya ya Wakatoliki, na sote tulikuwa tumechoka kuandika noti za nyimbo kwa mkono, zile do re mi za herufi na nukta, kisha kuzitoa nakala mpaka l ifanane na t na kwaya nzima ipotee njia. Tukatengeneza programu ya kuzipanga na kuzichapa. Yeye nusu, mimi nusu, likizo baada ya likizo. Na tangu mwanzo tulikubaliana iwe huria: atakaye aichukue, ainakili, aifumue na kuirekebisha.

Shida ilikuwa pa kuiweka. Kompyuta ya shule ilikuwa ya kuazima, na shule ikifungwa ingehamishiwa kwingine. Mwenzangu kule ziwani alikuwa anatumia ya watu, kwa hisani. Tusipoipatia programu makao, kazi yetu yote ingepotea. Nikampelekea ujumbe kwa dereva wa lori: tuiweke wapi? Jibu likarudi na dereva yuleyule: "Mwambie dada aiweke anapoona panafaa. Sharti ni moja, watu wangu wasije wakaomba ruhusa."

Sharti moja! Afadhali angenipa kumi.

Nikaanza kuzunguka. Ofisi ya parokia walikuwa na kompyuta nzuri, wakanikaribisha kwa chai. Lakini nilimwona akilini mwangu mwanakwaya wa Kianglikana amesimama mlangoni pale, kofia mkononi, anajieleza. Hiyo si ruhusa ni nini? Mwenye duka la kuchapa mjini akasema nimwachie yeye, atawapa watu, ila akaiita "programu yangu" kabla sijamaliza kukubali. Ikabaki intaneti. Kulikuwa na tovuti ya ng'ambo inayohifadhi programu za namna hiyo bure, na mtu yeyote duniani angeweza kuifikia. Yeyote, isipokuwa kwaya za ziwani, maana kule hata simu ilikuwa ya kupanda kilimani. Nilisoma masharti yake ya Kiingereza mpaka kichwa kikauma, nikatoka nimeelewa kidogo kuliko nilivyoingia. Usiku nikilala naamua hivi, asubuhi nikichota maji naamua vile. Nilijichukia.

Mama akasema, "Peleka kwenye sengu."

Sengu kwetu Wamatengo ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja kwa mkubwa wao. Kila nyumba inapeleka chakula chake, na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapohapo, mikono ikiwa na ugali. Siku hizo ilikuwa imeanza kufifia; kwetu ilibaki Jumapili tu, kwa baba mkubwa. Mwanamke hupeleka chungu, hapeleki hoja. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa hesabu, nilipeleka maharage, na hoja yangu akaipeleka kaka.

Kaka akarudi na uamuzi. "Baba mkubwa anauliza, hicho kitu ni cha kula au cha mbegu?"

"Si cha kula."

"Basi ni mbegu. Kinakaa uchagani."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Uchaga ule uko juu ya moto jikoni kwa mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, ndipo panapokaa mahindi ya mbegu, kwenye moshi, yasiliwe na fukusi. Lakini neno la sengu halirudishwi na mwanamke mwenye hasira. Nilikuwa na flopi mbili zenye programu yote. Nikatoa moja, ikaenda moshini. Kuhusu tovuti sikuamua kitu.

Shule ikafungwa, kompyuta ikapakiwa kwenye gari. Siku hiyohiyo mwenzangu akapanda kutoka ziwani na kapu la usipa, dagaa wa kwao, aje aone nimechagua nini. Tukaenda na flopi yangu ya pili kwenye kompyuta ya duka la kuchapa. Haikufunguka. Tukaijaribu tena na tena. Akachukua kapu lake, akaniuliza ile nyingine iko wapi.

Tukashuka kwa mama mkubwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu." Akapanda kigoda, akaishusha flopi yetu. Nyeusi tii, inanuka kama samaki wa kubanikwa. Nikaketi chini nikalia.

"Unalia nini?" akauliza. "Hiyo ndiyo ya kwanza. Hizi je?" Akafungua kitambaa kilichokuwa kando ya kitanda. Flopi nyingine tele, safi.

Kumbe wanaume walitoka kwenye sengu wakawaambia kwaya zao. Vijana wa Kitura walikuja, wakafuata wa Mpepai, hata akina mama wawili wa ziwani waliokuja mnadani. Anayeomba mbegu hanyimwi, na akivuna anarudisha na nyongeza. Wakaichukua ile ya kwanza moshi ukiwa haujaiharibu, wakanakili mjini, wakarudisha na ya ziada.

Tulipoifungua mojawapo dukani, do ya chini ilikuwa na alama yake chini ya herufi. Sisi tulishindwa alama ile mwaka mzima. Bila hiyo, besi walikuwa wakiimba juu kama sauti ya kwanza. Mwenzangu akaimba mstari ule polepole. "Nani kafanya hivi?" Sikujua. Mama mkubwa naye hakujua. Hakumuuliza mtu jina.

Kesho yake tukaenda kwenye duka la intaneti, tukaipandisha kwenye ile tovuti ya ng'ambo. Ikatudai jina la mwenye mradi, jina moja tu. Nikiandika langu, watu wake wataniomba mimi. Nikiandika lake, wangu watamwomba yeye. Mwenye kompyuta akasema, "Mwalimu, muda." Nikaandika jina la mama mkubwa. Mwenzangu alicheka mpaka akafuta macho.

Sasa mama mkubwa amefariki, na barua pepe bado zinamjia, kwenye anwani niliyomfungulia, kutoka nchi ambazo hakuzisikia, watu wanamwomba kwa heshima ruhusa ya kutumia kazi yake. Ya kwanza baada ya mazishi nilitaka kuijibu kwamba hayupo. Nikaanza, nikafuta, nikaanza tena. Mwishowe nikaandika: chukueni, mkivuna mrudishe.