Kiwiko cha Mtoto Yule

Nilipoacha kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili nilifungua duka la chakula cha mifugo katika mji mdogo wa Uriri, na kwa miezi miwili nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Kuku hawamng'ati mwalimu. Mteja anakuja, analalamika, ananunua, anaenda zake. Hakuna aliyenipaka kinyesi kwenye sketi, wala mwalimu mwenzangu wa kuniuliza kama ugonjwa wa watoto wangu unaambukiza.

Miaka tisa nilikaa kwenye yuniti ya watoto hao katika shule moja karibu na Oyugis, katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Watoto walikuwa kumi na tisa, na msaidizi mmoja aliyekuja alipojisikia. Mwishoni nilikuwa nafika asubuhi najifungia chooni mpaka kengele ilie. Siku niliyomfinya mtoto paja kwa makusudi, nikaona raha, niliandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu mkuu aliisoma akasema nina bahati, angalau naenda mahali penye akili.

Kati ya hao kumi na tisa alikuwepo msichana wa miaka kumi na miwili asiyesema neno. Alipoletwa kwetu alikula kwa kuinamisha uso kwenye sahani. Nilimfundisha kijiko kwa miaka minne. Ndiyo, minne, kwa kijiko. Nilikuwa nasimama nyuma yake, namgusa kiwiko, naye anaanza kula, mgongo wima. Mama yake alipomwona mara ya kwanza aliketi kwenye nyasi akalia.

Chuoni tulifundishwa kwamba mguso wa namna hiyo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka mtoto aanze mwenyewe. Mimi sikuupunguza. Ilikuwa rahisi kumgusa na kukimbilia mwingine. Huo ni ukweli wa kwanza. Wa pili ni kwamba nilipenda alivyonisubiri. Katika shule ile nzima hakuna mtu mwingine aliyenisubiri kwa jambo lolote.

Mwezi wa tatu wa biashara, mama yake alimleta dukani. Sare ya shule ilikuwa imemlegea mtoto, na mifupa ya mabega ilionekana.

"Madam, nyathi, huyu mtoto, hakulangi tena," mama alisema. "Likizo alikuwa anakubali mkono yangu, vile ulinionyesha. Sasa shule ilifunguliwa na wewe hauko, amekataa kila mtu. Mwalimu mwenye alikuja akimgusa, anakataa. Mimi nikimgusa, anakataa. Ni uji tu, kidogo sana."

Alifungua mkebe wa wali na maharagwe, akamkalisha mtoto kwenye gunia la pumba. Mtoto akashika kijiko vizuri kabisa, kisha akageuka akanitazama.

"Kuja tu wiki moja, Madam. Utumalizie."

Nilikasirika. Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Nilikuwa nimetoka mbali ili nisitazamwe hivyo, na sasa macho yale yale yalikuwa yamekaa juu ya gunia langu. Mzee mmoja alikuwa mlangoni akingoja dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilijiambia kwamba kumwachisha mguso kungechukua miezi, na kwamba duka likifungwa wiki moja wateja watahama.

"Mama," nikasema, kwa ile sauti yangu ya mtaalamu, "msimguse. Mtu yeyote asimguse. Weka sahani, toka. Njaa itamfundisha."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kwa nini asikubali? Mimi ndiye niliyesomea. Maneno hayo nisingethubutu kumwambia mzazi wa mtoto anayeweza kusema amenyimwa chakula. Nikawapa mgongo, nikamhudumia yule mzee polepole kuliko ilivyohitajika. Nilipogeuka, wali ulikuwa umepoa na mtoto bado ameinua kijiko. Mama alimnyang'anya kwa upole, akafunika mkebe, wakaondoka.

Siku ya sita alinipigia simu akicheka.

"Madam, amekula! Amemaliza yote! Erokamano ahinya, asante sana!"

Nikamuuliza kijiko alikishikaje.

"Kijiko alitupa. Anaweka uso ndani ya sahani, vile alikuwa anafanya kitambo. Lakini anakula, Madam, na mwili inarudi. Hiyo dawa yako ya njaa ni kali lakini imetusaidia. Mungu akubariki."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alinishukuru mara tatu, nami nikapokea zote tatu. Nikamwambia amefanya vizuri, aendelee hivyo hivyo. Sikumwambia kwamba mtoto aliyekwisha kujua kushika kijiko hahitaji miezi ya kuachishwa mguso, na kwamba ile wiki moja aliyoniomba ingetosha.