Walioitika Mwano

Kamanga nzima inajua kwamba Masalu ana masikio mepesi. Ni kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na ukipigwa mwano, lile yowe la hatari, yeye hutoka na rungu wakati wengine bado wanatafuta viatu. Asiyeitika hutozwa mbuzi, hata awe shemeji yake. Shemeji yake analijua hilo vizuri.

Mbwa asiye na mwenyewe alipomng'ata mguu pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa, Masalu aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akapanda kivuko kwenda mjini, akachomwa sindano. Hapo hakukosea. Alikosea aliporudi. Kidonda kilikauka upesi, bila usaha wala homa, naye akaamua kuwa kesi imekwisha. Siku ya sindano ya pili ilipofika alikaa kivulini, akasuka kamba ya ng'ombe.

"Mwili umenyamaza," alimwambia mkewe, Bernadeta. "Kungekuwa na adui, si ungepiga kelele?"

Bernadeta hakubishana. Alizima jiko, akajifunga kitenge, akasema anavuka peke yake kumwuliza nesi mume mkaidi huzikwaje. Masalu akamfuata huku akinung'unika.

"Shikamoo, baba," alisema nesi Dorcas walipofika hospitalini.

"Marahaba. Mguu umepona, tumekuja kukusalimia tu."

Dorcas aliutazama mguu. "Baba, ninyi sungusungu mnamwogopa mwizi gani zaidi?"

"Anayeingia bila mtu kushtuka."

"Basi kirusi cha kichaa cha mbwa ndiye huyo. Damu yetu ina seli za ulinzi, ndizo sungusungu wa mwili. Hiki kinajua kuzinyamazisha. Hakivimbishi kidonda, kinajipenyeza kwenye mishipa ya fahamu na kupanda taratibu. Zikija kushtuka kimeshafika kwenye ubongo, na hapo hatuna dawa."

"Na sindano?"

"Ina kirusi kilichokufa. Huo ndio mwano. Seli zinaamka, zinaijua sura ya adui, zinatengeneza kinga ya kumkamata yule aliye hai akiwa bado njiani. Ila mwano mmoja hauamshi kijiji kizima. Mkono ukiuma au joto likipanda kidogo, usiogope."

Masalu aliogopa, tena sana, wala hakuona haya. Miaka yote hiyo amewaamsha watu wa Kamanga, kumbe wa kwake mwenyewe aliwaacha wamelala. Akakunja mkono wa shati bila kuambiwa, akauliza siku ya sindano inayofuata.

Kesho yake mkono ulivimba kidogo na mwili ukawa na joto. Bernadeta alimgusa paji la uso, akakunja uso kwa wasiwasi. Masalu alikuwa amekaa pale pale kivulini na kamba yake, anatabasamu peke yake.

"Wameitika, Bernadeta," alisema. "Safari hii hakuna wa kutozwa mbuzi."