Hatua Arobaini na Moja Hadi Bombani

Ile sentensi niliichapa mimi, katibu wa idara, kwa vidole hivi hivi. "Mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii anaweza kubuni njia yake mwenyewe kwa kuunganisha masomo ya fani mbalimbali." Profesa, mkuu wa idara yetu, aliipenda mno. Akaniagiza niikoleze wino, ikakaa ukurasa wa pili wa kijitabu, chini ya picha ya watu wanaocheka. Miaka minne hakuna mwanafunzi aliyeijaribu. Wana akili wale. Wakiona watu wanacheka hivyo kwenye karatasi ya ofisi, wanajua hapa kuna namna.

Halafu akaja Sista Futi, akaiamini.

Huyu ni mkunga, miaka kumi na minane kazini. Jina hilo walimbandika wenzake kwa sababu mfuko wa gauni lake la kazi haukosi futi ya fundi cherehani. Hospitali yao ilijengewa wodi mpya ya wazazi, vigae vinang'aa, utepe ukakatwa, wakubwa wakapigwa picha. Siku ya kwanza ya kazi akatafuta pa kunawa mikono. Hakuna! Chumba cha kujifungulia hakina bomba. Bomba liko nje, upite mlango, ufuate korido, upite mlango wa pili, kando ya stoo ya mafagio. Akahesabu kwa miguu yake: hatua arobaini na moja kwenda, arobaini na moja kurudi, na huku mama yuko kitandani anasukuma. Sasa niambie wewe, ungefanyaje? Unaweka ndoo, unanawa nusunusu, unamwomba Mungu. Wazazi wakaanza kurudi baada ya siku tatu, nne, wanatetemeka kwa homa. Watatu walikufa mwaka huo, na mmoja alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe wa ukunga.

Aliandika barua mpaka wino ukamwishia. Akajibiwa kwamba mchoro uliidhinishwa. Kisha akasikia kwamba mchoro ule ule utajengwa kwenye hospitali nyingine sita, kuanzia mwaka unaofuata. Sita! Hapo ndipo alipoamua kurudi shule. Alitaka asome afya ya jamii, achanganye na kozi mbili za usanifu wa majengo na moja ya sheria ya mikataba, ili akikaa meza moja na wale waheshimiwa wasimwambie tena, "Sista, hayo waachie wenyewe."

Fomu ya njia ya kujibunia inataka saini tatu: ya Profesa wetu, ya mwalimu wa usanifu na ya mwalimu wa sheria. Basi wakampiga danadana. Profesa anasema wenzake wakishasaini naye atasaini. Wa usanifu anasema aanze mwenye idara. Wa sheria anasema yeye husaini mwisho, ndivyo ilivyo kwa watu wa sheria. Na kila safari ni saa nne za basi, siku yake ya mapumziko. Safari ya tatu nilimkuta kwenye benchi la nje ya ofisi yangu, amevua viatu, anajisugua nyayo.

"Wamesemaje leo, mdogo wangu?"

"Wamesema kesho, dada."

Damu ilinichemka. Nikatoa nakala tatu za ile fomu, nikampelekea kila mmoja yake, na kila mmoja nikamwambia wenzako wawili wameshasaini, umebaki wewe tu. Ndiyo, nilidanganya. Nishtakini. Kabla ya saa nane nilikuwa na saini zote tatu, ya Profesa shingo upande. Nikamkabidhi Sista Futi. Akaenda nazo kwao kuchukua barua ya mganga mkuu, akasema atazituma zote pamoja kwa basi.

Alipoitwa mbele ya kamati inayopitisha fomu hizo ilikuwa Alhamisi. Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari, nilikuwa pale pembeni na kalamu yangu. Sista Futi akakaa upande wa pili wa meza ndefu, mkoba magotini. Profesa akapindua karatasi kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

"Sasa mama, tusaidie kuelewa. Wewe hasa unataka kuwa nani? Daktari, mjenzi au wakili?"

"Nataka kuwa mtu anayeweza kuhamisha bomba."

Wakacheka. Eti wasomi! Profesa akafuta miwani. "Bomba si kazi ya fundi bomba?"

"Nilimwita," akasema, sauti haijapanda hata kidogo. "Fundi bomba akaniambia hagusi ukuta mpaka mchoro ubadilishwe. Nikaenda kwa mchoraji. Mchoraji akaniambia habadilishi mpaka mkataba uruhusu. Nikaenda kwa mwanasheria wa halmashauri. Mwanasheria akaniambia mkataba utaguswa wakitoa sababu watu wa afya. Profesa, mtu wa afya ni mimi. Njia hii sikukaa nikaibuni. Nimeshaitembea yote kwa miguu, nikafukuzwa kila mlango kwa kukosa maneno ya pale. Nimekuja kutafuta hayo maneno."

Mwalimu wa usanifu alikuwa anatazama kucha zake. Mwalimu wa sheria, bibi mmoja mkavu asiyependa vikao virefu, akapiga meza kwa kiganja. "Mimi nitamfundisha mwenyewe. Mnasubiri nini?" Ikapita. Nikaandika "imepitishwa" kwa herufi kubwa, na kidogo nipige kigelegele.

Tukashuka ngazi mbio, mimi na yeye, hadi dirisha la usajili. Karani akatazama fomu, akatazama kalenda.

"Usajili umefungwa jana, saa kumi."

"Jana?"

"Jana. Hadi muhula ujao, miezi sita."

Sikumsubiri mtu. Nilipanda ngazi zile nikaingia kwa Profesa bila kubisha hodi, nikampa vidonge vyake. Nikamwambia hivi nyie ni watu gani? Mnaweka tangazo la kuita watu, wakija mnawazungusha mpaka soli zinaisha! Wodi sita zinajengwa huko, nyie mnabishana nani atangulie kushika kalamu! Huoni haya? Niliyasema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Watu walitoka ofisini kwao kusikiliza.

Profesa akaningoja nimalize. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Lakini mama, kamati ilikaa hata Alhamisi iliyopita. Kwa nini fomu yake haikuwepo?"



Bahasha ya Sista Futi ilifika Jumanne ya wiki ile, asubuhi. Niliipokea mimi. Lakini Jumatatu yake Profesa alikuwa ameamuru birika langu la chai liondolewe, eti linakula umeme, na mimi nikaapa sifungui barua hata moja ya idara hii mpaka birika lirudi. Barua zikalundikana mezani, nikajisikia mshindi. Birika lilirudi Ijumaa. Nikachemsha chai, nikafungua bahasha ya kwanza, ikawa yake. Kamati ilikuwa imekaa jana yake.

Nikarudi ofisini kwangu, nikafunga mlango.

Miezi sita ikapita. Sista Futi alipokuja kujisajili, wodi mbili kati ya sita zilikuwa zimeshaezekwa, kwa mchoro ule ule, bomba kando ya stoo. Alizitembelea zote mbili, akaniambia hivyo akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Nne zilizobaki, alisema, atazipigania. Hakuonekana mwenye hasira. Akazunguka meza, akanikumbatia kwa nguvu, kama mtu na dada yake.

"Dada, jengo hili zima, ni wewe peke yako hukunizungusha."

Nikamwambia karibu, mdogo wangu. Nikagonga muhuri. Kile nilichotakiwa kumwambia sikukisema, na mpaka leo sijakisema, na ndiyo maana nikisikia watu wanawalaumu maprofesa, mimi ndiye nawalaumu kwa sauti kuliko wote.