Tundu Nililolitoboa Kwenye Nyimbo za Mzee Nkwabi

Aibu hii nimeitunza miaka mingi, na ninyi mnaonijua mnaweza kucheka mwanzoni, sitawazuia, mimi mwenyewe kuna sehemu nacheka, lakini nawaomba mkifika mwisho msiniulize kwa nini huwa natoka nje watu wakianza kuimba.

Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja pale Shinyanga mjini (sitaitaja, haina kosa lolote, kosa ni langu). Kazi ya masijala naijua kama kunywa maji: kitu kikiingia ofisini unakigonga mhuri IMEPOKELEWA, unakipa namba, unakitoboa, unakipitisha kwenye kamba ya faili, na hapo hata waziri akija kukiulizia kitapatikana. Miaka kumi na moja sijapoteza barua hata moja, na nilikuwa najivuna kwa hilo kupita kiasi.

Miaka ile ya themanini tukapewa kompyuta, moja tu, na aliyeijua alikuwa Mwalimu Petro, kijana wa Ushirombo, mpole, mtu wa kanisani. Petro ndiye aliyepata wazo la kuandika nyimbo za Mzee Nkwabi. Mzee huyu alikuwa manju, yaani yeye ndiye mtunzi na mwimbishaji wa vikundi vya kulima upande wa Kolandoto, watu wanapanga mstari shambani, yeye anaimba, majembe yanapanda na kushuka kwa sauti yake. Nyimbo za miaka arobaini zote alikuwa nazo kichwani, hajui kusoma. Na koo lilikuwa linamuuma. Madaktari walishamwambia lazima apasuliwe Mwanza, na akipasuliwa sauti haitarudi, yeye akakataa kwenda mpaka nyimbo zote ziandikwe. Basi kila wiki anakuja na binti yake, Mama Kabula, anaimba kwenye kaseti, Petro anasikiliza na kuandika kwenye kompyuta, halafu kaseti ile ile inafutwa irekodiwe nyingine, maana kaseti zilikuwa adimu, tulikuwa nayo moja. Kuchapa kwenye karatasi ilikuwa bado, utepe wa mashine ya kuchapia tuliagiza ukawa hauji.

Nyimbo zilipokwisha kuandikwa zote, Petro akapata masomo ng'ambo. Siku ya kuondoka akanikabidhi disketi nne, zile za zamani, pana, nyembamba, zinazopinda. Mashine ile haikuwa na mahali pake pa kuhifadhi kitu, ukiiwasha ni lazima kwanza uilishe disketi ya kuwashia, ndipo uingize ya kazi. Mbili zilikuwa za kuwashia, mbili za nyimbo, yaani nyimbo zenyewe na nakala yake. Petro akaniuliza, "Luhende, utaweza kuzitunza? Unataka nikueleze?"

Nikamwambia, "Petro, mimi kutunza? Nenda zako salama."

Sasa ninyi mnaonijua mmeshaelewa nilifanya nini. Nilifungua faili jipya, nikaandika juu KOMPYUTA, nikazigonga mhuri zote nne (kwa nguvu, mhuri wetu ulikuwa mkavu), nikaziandika namba kwa kalamu ya wino, nikaziweka pamoja kwenye kitoboa karatasi, kikakataa, nikasimama nikakilalia kwa uzito wangu wote mpaka nikasikia *kwach*. Nikapitisha kamba. Zilivyokaa vizuri! Nilimwita hadi mhudumu wa chai aje aone.

Miezi miwili baadaye Afisa wetu akaandaa hafla. Mzee Nkwabi alikuwa anakwenda Mwanza wiki inayofuata, ikaonekana ni vizuri kabla ya kisu azione nyimbo zake kwenye kioo cha kompyuta, kuwe na wageni, soda, na manju mwenyewe aimbe mbili tatu za kuaga sauti yake. Ukumbi ukajaa. Mzee alivaa koti la kuazima, amekaa mbele kabisa na binti yake. Mimi nikaingia na faili langu kwapani, nikalifungua mbele za watu, nikafungua kamba, nikatoa disketi ya kuwashia, nikaiingiza. Mashine ikasaga kama kinu kilichoingia kokoto, ikaandika maneno yake ya kukataa. Nikaweka ya pili. Ikasaga vilevile.

Mgeni mmoja wa mbele akauliza, "Na hilo tundu ni la nini?"

"La kupitishia hewa," nikajibu. (Ndiyo, nilisema hivyo, na wapo waliotikisa kichwa kukubali.)

Lakini pale pale nilijua. Zile za nyimbo nilizitoboa kwa mkupuo mmoja na hizi. Mzee Nkwabi akanyanyuka polepole, akaja hadi mezani, sauti yake ilishakuwa ya kukwaruza, akaniambia, "Ng'wana wane, kama zimeharibika niambie. Nina wiki nzima. Nitaziimba upya hata kama koo litatoka damu, mtaandika kwa mkono."

Mwanangu, aliniita. Afisa ananitazama, wageni wananitazama, soda zinapata moto. Neno moja tu lilihitajika, na mtu angeweza kwenda kuchukua madaftari dukani. Mimi nikasema, "Nyimbo zimo salama, Baba. Ni hizi za kuwashia tu zimechoka. Nitatafuta nyingine."

"Zimo zote?"

"Zote, Baba."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, ng'wana wane. Wabeja sana." Shukrani hiyo. Hafla ikaahirishwa mpaka atakaporudi kutoka hospitali, na Jumatatu yake akaenda.

Mimi nikapanda lori la pamba hadi Kahama, pale Nyahanga kulikuwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Bwana Jivan, ana mashine ya aina ile ile dukani kwake. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akanitengenezea disketi mbili za kuwashia bila kudai hata senti. Akaniuliza zile za kwanza zilipatwa na nini.

"Zilichakaa tu," nikasema.

"Hii kitu laini sana, ndugu yangu," akaniambia. "Hapa kwangu mtu hagusi bila kunawa mikono. Na usiweke kitu kizito juu, na kalamu ngumu usiandikie." Kila alichokitaja nilikuwa nimekifanya, na nilichokifanya zaidi hakukitaja, nadhani hakikumpitia akilini kwamba kuna mtu angekifanya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ningemwonyesha siku ile, Mzee alikuwa bado wodini anasubiri zamu yake, simu ya ofisini ilikuwa inafika Mwanza. Sikumwonyesha.

Na mtaniuliza kwa nini sikuzijaribu zile za nyimbo niliporudi. Nilikuwa na siku ishirini za kuzijaribu. Kila asubuhi nilifungua kabati, nikaliona lile faili, nikafunga. Nilikuwa naogopa kujua, basi.

Mzee akarudi amefungwa kitambaa shingoni. Wageni wakaitwa tena. Nikaingiza disketi ya Bwana Jivan, kompyuta ikawaka vizuri kabisa, watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, Afisa akanipiga begani akasema, "Huyu ndiye Luhende!" Mzee Nkwabi naye alikuwa anapiga makofi. Nikaingiza ya nyimbo. Ikasaga. Nikaingiza nakala yake. Ikasaga.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mama Kabula akaja akaichukua ile disketi mkononi mwangu, akaigeuza, akachungulia kwenye tundu.

"Nani katoboa?"

"Mimi, Mama Kabula."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla Baba hajaenda Mwanza?"

"Kabla."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alimwinamia baba yake akamweleza sikioni kwa Kisukuma, na mzee akanitazama, akafungua kinywa, kifua kikapanda, mkono ukaanza kupiga goti kwa mwendo wa kulima, midomo ikawa inatembea, wimbo mzima akauimba hivyo mbele ya watu wote na hatukusikia kitu ila pumzi. Afisa alilia. Mimi nilisimama pale na faili langu.

Disketi zilipelekwa Dar es Salaam, zikarudi na jibu kwamba haiwezekani. Petro niliandikiana naye, akanisamehe kwa barua fupi. Mzee Nkwabi hakuzifikia mvua zilizofuata, alifariki kabla.

Zilipofika mvua hizo nilikwenda Kolandoto na jembe langu, bila kualikwa, kikundi chake kilikuwa kinamlimia binti yake. Wakapanga mstari, wakaanza wimbo wake, ubeti wa kwanza wote wanaujua, wa pili wakausukuma kwa kukumbushana, wa tatu mmoja akaanza neno akakosea, mwingine akaanza akanyamaza, na majembe yakabaki juu yanasubiri. Mama Kabula alikuwa mbele. Hakugeuka kunitazama. Alisema tu, "Limeni," tukalima kimya mpaka jua likawa kali.

Kuuliza si ujinga, husema watu, na mimi nilikuwa nikiusikia msemo huo nikidhani ni wa wanafunzi. Niliapa palepale shambani kwamba mtu akiniuliza "nikueleze?" nitasema nieleze, na nikiharibu kitu cha mtu nitamwambia mwenyewe siku hiyo hiyo, angali na uwezo wa kukiokoa. Kiapo hicho nimekishika. Lakini Mzee Nkwabi aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia zimo.